Ni Mafua Tu

Kazi ya kwanza ya Mariette kila asubuhi ilikuwa kuuondoa mguu wa mdogo wake juu ya tumbo lake. Elisée alikuwa na miaka mitatu, na alilala kama mtu anayepiga mbizi, mikono huku, miguu kule. Mariette alimfunika, akachukua madumu yake ya manjano na kushuka bombani kabla foleni haijarefuka. Akirudi aliwasha moto, akakoroga uji wa mahindi, akafagia uwanja, kisha akaketi kwenye kigoda mlangoni na kufungua madaftari mpaka saa ya shule.

Waliishi Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, yeye, Elisée na mama yao, Georgette. Walikuwa wametoka Kivu ya Kusini, Kongo, Elisée akiwa bado tumboni. Baba yao alibaki nyuma, na habari zake zilikatika. Mama aliuza dagaa wakavu na nyanya sokoni, na mara kwa mara alipanda lori la wafanyabiashara hadi Ruti, pembeni ya mji wa Mbarara, kununua bidhaa.

Mwaka huo Mariette alikuwa darasa la saba. Mwalimu wake alimwambia kwamba akipata daraja la kwanza katika mtihani wa mwisho, kuna shirika litakalomsomesha sekondari. Asipolipata, atabaki nyumbani kama wasichana wengine wengi wa mtaa ule. Maneno hayo Mariette alilala nayo na kuamka nayo.

Mlango wao ulitazamana na mlango wa Adélaïde, mkulima kutoka Burundi, ambaye wote walimwita Mama Inès kwa jina la binti yake mchanga. Inès alikuwa na miezi saba na meno mawili tu. Mariette alipenda kumbeba jioni, na mtoto alizoea kumshika nywele na kuzivuta huku akicheka.

Mwezi wa Novemba, surua iliingia katika makazi. Astère, mhudumu wa afya wa mtaa, alizunguka na kipaza sauti akieleza kwa Kiswahili na Kirundi. Mtoto mwenye homa, kikohozi na macho mekundu yanayoogopa mwanga asipelekwe kwenye watoto wenzake, hasa wachanga. Akae ndani, naye Astère aitwe. Surua, alisema, huambukiza hata kabla vipele havijaonekana.

Mariette alimsikia vizuri, tena zaidi ya mara moja. Alijua pia kwamba Elisée hakuwa amechanjwa. Chanjo ilipopita, mtoto alikuwa na malaria kali, wakaambiwa wamrudishe akipata nafuu. Nafuu ilikuja, lakini ikaja pia kazi ya kupanda maharage, ikaja biashara ya Ruti, na siku zikapita.

Jioni ya kuamkia mtihani, Mama alipiga simu kutoka Ruti. Lori lilikuwa limeharibika, hangeweza kurudi kabla ya siku mbili. Alimwambia Mariette asikose mtihani kwa lolote, amwachie Elisée mtu wa kuaminika.

Kulipopambazuka, mguu wa Elisée uliokuwa juu ya tumbo la Mariette ulikuwa wa moto. Mtoto alikohoa, kamasi zikimtiririka. Mariette alipofungua mlango, Elisée aliyafumba macho yake mekundu na kuficha uso kifuani kwa dada yake. Mariette alisimama pale kizingitini muda mrefu. Alikumbuka maneno ya Astère moja baada ya jingine. Kisha alimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge na kuvuka uwanja.

Mama Inès alikuwa akichambua maharage. Alimtazama Elisée, akaacha kazi yake.

"Huyu ana nini? Mbona macho mekundu hivi?"

"Mafua, Mama Inès."

"Si hii surua wanayoitangaza? Wangu bado sindano. Waliniambia ningoje afikishe miezi tisa."

Mariette aliangalia barabara. Wenzake wa darasa la saba walikuwa wakipita na kalamu zao mkononi.

"Ni mafua tu," alisema.

Mama Inès alimwamini. Alimjua Mariette kuwa msichana mwenye akili na mchapakazi, na hakuwa amewahi kumsikia akisema uongo. Alimpokea Elisée, akamlaza kwenye mkeka, ubavuni mwa Inès.

Siku ya pili ya mtihani alimwacha tena hapohapo. Mariette alijibu maswali yote, na mengi alijua ameyapata. Katika mtihani wa sayansi kulikuwa na swali lililotaka watahiniwa wataje magonjwa ya watoto yanayozuiwa kwa chanjo. Aliandika surua, akaendelea na swali lililofuata.

Asubuhi iliyofuata, vipele vyekundu vilijitokeza nyuma ya masikio ya Elisée, vikashuka shingoni na kifuani. Mama alirudi adhuhuri na kumkuta hivyo. Wakati huo Mama Inès hakuwapo tena. Alikuwa ameondoka alfajiri na mtoto wake kwenda Biharwe, ng'ambo ya Mbarara, kupalilia migomba kwa mkulima mmoja aliyekuwa akimpa kibarua cha wiki kadhaa.

Astère aliitwa, akaja mbio. Alimpa Elisée matone ya vitamini A, akaeleza namna ya kumnywesha na kumlisha, kisha akauliza mtoto alikuwa na nani siku zile kabla ya vipele.

"Kama kuna kichanga aliyekaa naye, nataka nijue sasa hivi," alisema. "Tumeruhusiwa kuwachanja hata wa miezi sita. Sindano ikiwahi, inaweza kumkinga. Ikichelewa, haisaidii."

Mama alimgeukia Mariette. Akisema ukweli, Mama atajua, mtaa utajua, na shuleni watajua kwamba aliufanya mtihani wake kwa kumdanganya jirani. Tena Mama Inès ameshakwenda mbali.

"Alikaa kwa mpishi wa shule," alijibu. "Pale hapana watoto."

Astère alishukuru, akaenda nyumba nyingine.

Surua ilimtesa Elisée wiki nzima. Mdomo ulimchubuka hata uji ukamshinda, na Mama alimnywesha kwa kijiko, tone kwa tone. Baadaye homa ilishuka. Vipele vilikauka, ngozi ikabambuka kama unga. Siku alipoomba ndizi mwenyewe, Mama aliimba wimbo wa kanisani kwa sauti, na majirani walikuja kumpongeza. Mariette naye alishusha pumzi. Alijiambia kwamba jambo limekwisha, na kwamba pengine hata Inès hakuambukizwa.

Halikuwa limekwisha. Wiki ya tatu, Elisée alianza kukohoa upya. Mwanzoni hawakushtuka. Lakini asubuhi moja Mama alipomvua shati ili amwogeshe, aliona mbavu zikiingia ndani kila alipovuta pumzi, na puani mwake mlikuwa na sauti kama ya mtu anayekoroma akiwa macho.

"Mariette, mutoto anapumua mubaya," Mama alisema. "Beba maji na nguo. Twende."

Wahudumu wa zahanati ya makazi walimtazama na kumwita dereva wa gari la wagonjwa papo hapo. Walipita mji wa Isingiro kwa kasi, Mama akiwa amemshika mtoto na barakoa ya oksijeni usoni mwake, na jua halikuwa limesimama utosini walipofika hospitali moja mjini Mbarara.

Daktari wa wodi ya watoto aliitwa Constance, mwanamke mwembamba ambaye macho yake yalionyesha hakuwa amelala vya kutosha kwa siku nyingi. Alimsikiliza Elisée kifuani, akaagiza dawa za kupitia mshipani, akamwunganisha na mashine ya oksijeni. Mama alingoja amalize, kisha akamuuliza swali alilokuwa amelibeba tangu Nakivale. Mtoto si alipona? Si waliona bipele binakauka? Sasa hii ni nini?

Daktari alivuta kiti, akaketi. Alikuwa Mnyankore, mwenyeji wa Mbarara, na Kiswahili alikuwa amejifunzia kazini.

"Mama, nitasema polepole, Kiswahili yangu si ya shule," alisema. "Ndani ya mwili kuna askari. Wako katika damu, wako kooni, wako katika mapafu. Kila askari iko na kitu kidogo sana juu ya ngozi yake. Sisi tunaita kipokezi. Hiyo kipokezi iko na kazi. Askari wanaitumia kushikana na wenzao, kupeana habari kwamba adui amefika."

Alinyanyua mkono wake, akaushika kwa mkono mwingine kama watu wanaosalimiana.

"Virusi mingi inakimbia askari. Hii ya surua haikimbii. Inatafuta askari mwenyewe. Inashika ile kipokezi, hivi, kama rafiki anakupa mkono, na mlango inafunguka. Inaingia ndani ya askari, inazaa ndani yake, inamuua. Na wale inapenda kabisa ni askari wenye kukumbuka. Yule alipigana na nimonia mwaka jana anajua sura yake. Yule alipigana na kuhara anajua sura yake. Surua inawamaliza hao. Vipele ikikauka, watu wanasema mtoto amepona. Ni kweli, surua imekwenda. Lakini imeacha mwili bila walinzi, na magonjwa ya zamani yanaingia kama ni mara ya kwanza. Hata miezi mingi, mama. Ingine hata miaka."

Mama aliangalia mikono ile miwili ya daktari iliyokuwa bado imeshikana.

"Hata kwetu ilikuwa hivyo," alisema mwishoni. "Balinzi ba kijiji baliitwa kwa majina yao, kwa luga yetu. Njo bakafungua mulango, baadui bakaingia."

Mariette hakuwahi kumsikia mama yake akisema neno hata moja juu ya usiku ule waliokimbia. Daktari hakuuliza zaidi. Alimgusa Mama begani, kisha akauliza swali lilelile ambalo Astère aliliuliza. Je, kuna mtoto mwingine aliyekaa na huyu kabla ya vipele? Hasa mdogo. Kama alipata surua, hata kama anaonekana amepona, aletwe aangaliwe, maana kwa wachanga nimonia huja haraka kuliko mtu anavyodhani.

"Hakuna," alisema Mama. "Alikuwa kwa mpishi wa shule."

Mariette alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda. Alijua kwamba akinyamaza, hakuna atakayegundua kamwe. Surua ilikuwa kila mahali, na kama Inès aliugua, mama yake angeamini kwamba aliipata njiani au sokoni. Uongo wake ulikuwa umekaa salama. Alimwangalia Elisée, tumbo lake dogo likipanda na kushuka haraka haraka, akamwona Inès katika mawazo yake akiwa amelala vile, na hakuna mtu aliyemwambia mama yake kwamba hapaswi kungoja.

"Mama, hakukaa kwa mpishi," alisema. "Alikaa kwa Mama Inès, siku zote mbili. Macho yake yalikuwa mekundu tayari. Mama Inès aliniuliza kama ni surua, nikamwambia ni mafua."

Mama aligeuka taratibu. Mariette alitegemea kofi, akafumba macho. Kofi halikuja. Alipoyafumbua, Mama alikuwa amemnyooshea simu.

"Mwambie wewe mwenyewe," alisema. "Sasa."

Simu ilipokelewa baada ya kuita kwa muda mrefu. Sauti ya Mama Inès ilikuwa ya furaha. Alisema kwamba Inès alikuwa ameugua surua hukohuko Biharwe, lakini ashukuriwe Mungu, vipele vimeanza kukauka. Leo tu amechoka, analala sana, hataki ziwa, na kifua kinampanda mbio kidogo. Bila shaka ni joto.

"Mama Inès, si joto," Mariette alisema. "Nilikudanganya. Elisée hakuwa na mafua. Nilijua ni surua, nikakuletea. Sasa yuko hospitali Mbarara, hawezi kupumua. Daktari anasema ugonjwa huu unaua walinzi wa mwili. Mlete Inès, usingoje jioni. Nakuomba."

Simu ilikatika.

Hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Wauguzi walibadilisha dawa ya Elisée. Alasiri, mlango wa wodi ulisukumwa, akaingia Mama Inès, tope la shambani likiwa bado miguuni, mtoto kifuani. Alikuwa amekuja kwa bodaboda. Alipita mbele ya Mariette kama anayepita mbele ya ukuta, akaenda moja kwa moja kwa daktari.

Inès alikuwa na nimonia. Dakta Constance alisema kwamba imeanza tu, na kwamba kama mtoto angeletwa kesho yake, pengine isingewezekana kumwokoa. Akalazwa kitanda cha karibu na dirisha, akawekewa dawa na oksijeni kama Elisée.

Lakini Elisée alikuwa amechelewa. Dawa zilimfikia, ila mwili wake haukuwa na walinzi wa kuzisaidia. Alifungua macho mara moja, akaomba ndizi, na Mariette alikimbia nje kumnunulia kwa muuzaji wa langoni. Aliporudi, Mama alikuwa amemfunika uso kwa kitenge chake. Mariette alisimama na ndizi mkononi. Hakulia pale. Alilia ndani ya gari, njia yote mpaka Nakivale, na Mama alimshika mkono bila kuuachia.

Walimzika Elisée juu ya kilima. Watu wa kanisa waliimba, Astère alichimba kaburi pamoja na wanaume wengine. Baada ya mazishi Mariette alimfuata, akamwambia uongo wake wote, wa kwanza na wa pili. Astère alimsikiliza akiwa ameegemea koleo. Kisha akamwambia kwamba yeye mwenyewe alipaswa kumfuata Elisée nyumbani alipokosa chanjo, na hakumfuata. Tangu siku ile alianza kuzipitia nyumba zote tena, moja moja, akiuliza ni mtoto gani alikosa sindano.

Mama Inès alirudi kutoka hospitali na mtoto wake akiwa hai, amekonda, macho makubwa. Hakuja kuwasalimia. Alifungua mlango wake asubuhi na kuufunga jioni, na Mariette alipomwamkia alijibu kwa kichwa tu. Mariette hakulalamika. Maji yakimwagika hayazoleki. Kila alfajiri aliamka na kubaki amelala chali, tumbo lake likiwa jepesi mno.

Januari matokeo yalitoka. Mariette alipata daraja la kwanza. Mwalimu alikuja mwenyewe kumpa habari, akashangaa kuona kwamba katika nyumba ile hakuna aliyepiga vigelegele. Mama alishukuru na kumkaribisha chai. Alipokwisha kuondoka, Mariette alikwenda kukaa kwenye kigoda mlangoni, mikono mitupu.

Ndipo Mama Inès alipovuka uwanja, Inès mgongoni. Alisimama mbele ya Mariette.

"Nimesikia umefaulu," alisema.

"Ndiyo, Mama Inès."

"Siku ile ungeniambia ana surua, ningekufungia mlango. Sitakudanganya, ningekufungia kweli, na mtihani ungekupita. Ungelia. Halafu mwaka huu ungeurudia." Alimsogeza mtoto mgongoni. "Mtihani hurudiwa, Mariette. Mtoto harudiwi."

Mariette aliinamisha kichwa. Machozi yalidondoka juu ya magoti yake.

"Bado nina hasira," Mama Inès aliendelea. "Sijui itakwisha lini. Lakini nimekaa nimefikiri. Pale hospitali ulikuwa na njia ya kunyamaza, na hukunyamaza. Ungenyamaza, na mimi ningekuwa na kaburi kule kilimani. Uongo uliusema kwa sababu ya kuogopa. Ukweli nao uliusema ukiogopa vilevile. Basi ujue kwamba woga hauna budi kuja, na ukija, sema ukweli mapema, watu wakiwa bado wanaweza kukimbilia dawa. Na mtu akikuuliza hali ya mgonjwa, hakuulizi ili akuhukumu. Anauliza ili ajilinde yeye na wanawe."

Kisha alifungua kitenge, akamshusha Inès na kumweka mapajani mwa Mariette. Mtoto alikuwa mwepesi. Alimtazama Mariette kwa muda kama anayejaribu kukumbuka, halafu akanyoosha mkono na kushika nywele zake.

"Amefikisha miezi tisa," Mama Inès alisema. "Papa Astère anasema hata aliyeugua surua asiache sindano zake. Nina mzigo wa mahindi wa kupitisha kinuni, mikono haitoshi. Mbebe, twende."

Waliteremka hadi zahanati, Mama Inès akitangulia na kikapu kichwani, Mariette nyuma na mtoto. Foleni ilikuwa ndefu, kina mama wengi. Zamu yao ilipofika, muuguzi aliuliza maswali yake kama alivyowauliza wote, akauliza pia kama mtoto huyu amewahi kuugua surua. Mama Inès hakujibu. Alimgeukia Mariette, akangoja.

"Ndiyo, aliugua," Mariette alisema kwa sauti iliyosikika hadi mwisho wa foleni. "Aliambukizwa na mdogo wangu. Mimi ndiye niliyempeleka."